Ndege wa Pili

Mtaa mzima ulimjua fundi viatu kwa jambo moja: kila kiatu kilichofika mikononi mwake kilikuwa na mkubwa wake wa kulaumiwa. Soli ikilika upande, kosa ni la yule aliyekata utepe wa barabara kabla barabara haijaisha. Ngozi ikiota ukungu, ni wale walioahidi mfereji wa maji ya mvua wakaishia kuchimba maneno. Kisigino cha mwanamke kikikatika, fundi alitaja cheo cha mtu aliyechagua vigae vya kuteleza kwenye ngazi za soko, akaongeza kwamba mtu huyo hajawahi kuzipanda ngazi zenyewe, ana wa kumpandia. Zamani wateja walicheka, na wengine walileta viatu vizima ili wapate kumsikia. Tangu mkewe afariki, lawama zilibaki zilezile, lakini kicheko kilimtoka kama upepo unavyotoka kwenye mpira. Mtu alikabidhi kiatu, akauliza akifuate lini, akaenda zake bila kukaa.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimeegemea ukuta wa duka la nguo. Ndani, juu ya rafu ya viatu vilivyosahauliwa na wenyewe, ulipita uzi wenye vibanio, na kwenye uzi zilining'inia kadi. Moja ilikuwa na majani madogo yaliyopangwa duara, nyingine samaki wanaofuatana, nyingine ndege mmoja aliyesimama kwa miguu myembamba, anatazama upande wa kulia kama anayemsubiri mtu. Kadi hizo hazikuwa za kuuza. Mkewe alizitundika kwa mikono yake, na fundi hakuzitoa. Si kwamba alizipenda. Kuzitoa kungemlazimu azishike.

Siku moja asubuhi alikuja mama mmoja anayefanya usafi katika hospitali kubwa. Alileta kandambili za ngozi zilizokatika mkanda, akakaa kwenye kiti kifupi kusubiri, na kwa kuwa fundi hakuwa na maneno, macho ya yule mama yakazurura. Yakatua kwenye kadi ya ndege. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akapekua chini kabisa, akatoa kipande cha raba nyeusi cha ukubwa wa kiberiti.

"Fundi," alisema, "hiki si chenu?"

Fundi alikitazama bila kukipokea. Upande mmoja ulikuwa bapa. Upande wa pili ulichongwa ndege.

Yule mama alimweleza kwamba alikiokota chini ya benchi la mapokezi siku alipokuwa akipiga deki, zamani kidogo. Alidhani ni mchezo wa mtoto, akakiweka mkobani kwa sababu kilikuwa kizuri na hakikumwomba chakula. Alikuwa amekisahau mpaka alipomwona ndugu wa ndege huyo pale kwenye uzi. Fundi alimaliza mkanda bila kuinua kichwa. Alipokabidhi kandambili alikataa malipo kwa kutikisa mkono, na ni baada ya yule mama kupotea kwenye kona ndipo alipokigusa kile kipande, kwa ncha ya kidole kwanza, kama mtu anayepima pasi kama imepoa.

*

Raba ile ilikuwa yake. Aliikata mwenyewe kutoka kwenye soli.

Mambo yote yalianzia hapo, kwenye mabaki. Miaka ya mwanzo ya ndoa yao, fundi alipokuwa akikata soli, vipande vilivyobaki pembeni alivitupa. Siku moja mkewe aliokota kimoja, akachukua wembe, akachonga jani, akalipaka rangi ya viatu, akaligandamiza kwenye kifuniko cha boksi. Jani likatoka. Akagandamiza tena, na tena, mpaka kifuniko kikajaa majani na mboga zikaungua jikoni. Fundi alipouliza kwa nini nyumba inanuka, mkewe alimwonyesha kifuniko, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota dhahabu.

Kuanzia siku ile hakuna karatasi iliyopita salama mbele yake. Maboksi ya viatu aliyakata kuwa kadi. Karatasi za kaki za dukani alizinyoosha kwa pasi. Magazeti aliyaloweka kwenye beseni, akayaponda, akayachuja kwa kitambaa cha dirisha, akayaanika juani, yakawa karatasi nzito zenye vinyweleo, ambazo wino ulizipenda. Majirani walimpa jina la Mama Karatasi, na fundi, kwa utani, akasema sasa ameoa pipa la taka. Mkewe alijibu kwamba hata yeye ameolewa na mtu anayenusa soksi za watu kutwa, kwa hiyo ngoma droo.

Hakuuza chochote. Mtu akijifungua alipelekewa kadi, na aliyefiwa alipelekewa yake. Mtoto akifaulu au akifeli, kadi ilikuja, na ya aliyefeli ndiyo iliyokuwa nzuri zaidi. Wanawake wa mtaani walikuja kujifunza, wakakaa kibarazani na nyembe zao na vipande vya soli, na kila aliyechonga kwa mara ya kwanza aliharibu vilevile. Muhuri hugeuza. Ukichonga ndege anayetazama kushoto, kwenye karatasi atatazama kulia. Kwa hiyo Mama Karatasi alichora kwanza kwenye karatasi nyepesi kwa penseli, akaifunika karatasi kifudifudi juu ya raba, akaisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mchoro uhamie umegeuka, ndipo akashika wembe. "Kwenye raba kila kitu kinakaa kinyume," aliwaambia. "Ukitaka akutazame huku, mchonge atazame kule." Waliosahau kijiko, mihuri yao aliitia kwenye kopo moja la maziwa ya unga lililoitwa kopo la waliopotea, na alipotaka kumtania jirani alilitikisa mbele yake likapiga kelele. Ndani ya kopo lile mlikuwa na mihuri ya karibu kila mwanamke wa mtaa, na wa kwake haukuwemo hata mmoja.

Binti yao wa pekee, fundi cherehani, alipochumbiwa, mama alisema kadi za mwaliko zisipelekwe kwa mchapaji. Atazifanya yeye, zote, kwa mkono. Alibuni ndege wawili wanaotazamana, mmoja kushoto na mmoja kulia, na katikati nafasi ya maneno ambayo binti angeyaandika kwa kalamu, maana mwandiko wake ulinyooka. Alimchonga ndege wa kwanza, akamgonga kwenye kadi zote, akazipanga ndani ya maboksi ya viatu. Upande wa kulia wa kila kadi ukabaki mtupu, unamsubiri mwenzake.

Ndege wa pili hakuwahi kufika. Asubuhi aliyopanga kumchonga aliamka anashika tumbo.

*

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu la mbao, mbele ya kaunta. Aliyeamua nani atangulie kwa daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani ya kamba, Msimamizi wa mapokezi. Hakuwa mtu wa kufokea watu. Alipita mbele ya benchi, akawatazama wagonjwa mmojammoja, akanyoosha kidole: wewe, na wewe, na yule baba anayepiga kite pale.

Mama Karatasi hakupiga kite. Alitoa kwenye mkoba kipande cha raba, kalamu ya wino na wembe uliofungwa kitambaa, akaanza kuchonga. Fundi alikwenda kaunta, akarudi, akaenda tena. Kila aliporudi alimkuta mkewe ameinamia raba, na kila alipomuuliza hali alipata jibu lilelile, kwamba tumbo linabana kidogo, aende akaulize tena. Mara ya mwisho Msimamizi alimjibu kwa sauti ya chini, ya upole kabisa. Alisema, "Mzee, kuwa na subira, tunaanza na wanaoumwa. Mama yule ametulia, anachonga maua yake."

Jua lilikuwa limegeuka upande wa pili wa dirisha Mama Karatasi alipoteleza kutoka kwenye benchi. Ndipo wakakimbia, wakaleta kitanda cha magurudumu, na milango yote ikafunguka kwa mpigo. Daktari alisema baadaye kwamba kuna kitu kilipasuka tumboni, na kwamba lau kingeshikwa mapema... Hakumaliza sentensi. Fundi aliimaliza mwenyewe, kila siku, tangu siku ile.

Baada ya mazishi alirudi kudai maelezo. Hakusoma mbele zaidi ya kujua kuandika jina lake na namba za viatu, na hakujua malalamiko yanaanzia dirisha gani, kwa hiyo alimwendea Msimamizi mwenyewe. Aliambiwa pole, na pole ile ilionekana ya kweli. Kisha aliambiwa, "Mkeo hakulia, mzee. Hakulalamika. Alikuwa na kazi yake mkononi kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa."

Fundi, mwenye jibu kwa kila mkubwa, siku ile hakuwa na jibu. Alirudi nyumbani na neno lile likakaa kifuani kama mwiba wa samaki. Kwa sababu hata yeye alikuwepo. Hata yeye aliona mikono ile ikifanya kazi taratibu, na akajipa moyo. Pole pole akaanza kuichukia mihuri. Kama si hiyo raba, alijiambia, mke wangu angelia kama watu, wangemwona. Akayasukuma maboksi ya kadi chini ya kitanda, pamoja na kopo na wembe na vijiko. Binti alipouliza habari ya kadi alimwambia angoje. Alipouliza tena, fundi alianza kumsema mkubwa wa shirika la umeme, na binti akaelewa kwamba hakuna jibu.

Sasa siku za harusi zilikuwa zimekaribia, na upande wa bwana harusi walishauliza mara kadhaa. Binti alikuwa amesema, kwa adabu zote, kwamba mwisho wa wiki atakwenda kwa mchapaji, na zile za mama zibaki kumbukumbu. Fundi alijibu sawa. Kisha usiku hakula.

*

Jioni ya siku ile aliyokuja mama wa usafi, fundi alifunga kibanda mapema. Nyumbani alivuta maboksi kutoka chini ya kitanda, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati. Binti alikuwa kwenye cherehani. Aliacha kukanyaga.

"Baba, unatafuta nini?"

"Lete pedi ya wino ya mama yako. Na karatasi yoyote, si kadi."

Aliosha ile raba kwa sabuni na mswaki wa zamani, akaikausha kwa shati. Pedi ilikuwa imekauka, wakaidondoshea maji na wino wa kalamu. Binti alimgonga ndege wa kwanza upande wa kushoto wa karatasi, kwa sababu muhuri wake ulikuwepo ndani ya boksi. Fundi akagonga wa pili upande wa kulia. Alibana kama anavyobana soli kwenye gundi, kwa uzito wa bega. Akainua.

Ndege wa pili alikuwa mzuri. Manyoya ya bawa yalikuwa yamechongwa moja moja, jicho tundu dogo la sindano. Lakini alikuwa anatazama kulia, kama mwenzake. Amempa mgongo. Wa kwanza amesimama anamtazama, na wa pili anakwenda zake nje ya karatasi.

"Mama kakosea," binti alinong'ona.

"Mama yako hakosei."

"Basi huyu kageukaje, baba?"

Fundi alichukua kopo la waliopotea, akalimwaga mezani. Yakatoka maua, nyota, mwezi wa jirani wa kona uliotazama pasipotakiwa, jogoo wa mama mchungaji, kikombe kilichoshikwa upande usio wake. Waliipitia mihuri yote, mmoja mmoja. Hakukuwa na mkono wa Mama Karatasi humo, kama alivyosema siku zote. Mtu aliyechonga miaka mingi vile, aliyewacheka wenzake kwa kosa hili na hili tu, alikuwa amekaa kwenye benchi na akamchora ndege kwa kalamu moja kwa moja juu ya raba, bila karatasi nyepesi, bila kugeuza, kama anayeanza leo. Na hakuona. Amechonga unyoya baada ya unyoya na hakuona.

Binti ndiye aliyelisema. Alilisema taratibu, kidole chake kikiwa juu ya jicho la ndege.

"Alikuwa anaumwa sana, baba. Kichwa hakikuwepo."

Fundi aliketi. Aliikumbuka ile mikono iliyotulia, akakumbuka na jasho juu ya mdomo wa mkewe, ambalo alilipangusa kwa mkono ulioshika raba, na ambalo yeye fundi alilihesabia joto la chumba. Mwiba wa kifuani ukasogea. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa na jibu.

*

Kesho yake alivaa shati la kwenda mjini, akatia mihuri miwili na pedi ndani ya mfuko wa karatasi, akaenda hospitali. Alikaa kwenye benchi lilelile, maana hapakuwa na lingine. Alimwona kijana aliyejikata kidole akipiga mayowe hadi akaitwa mbele ya bibi kizee aliyekaa kimya amefumba macho. Fundi alimgusa yule bibi begani, akamwambia, "Bibi, lia. Hapa wanasikia, hawaoni." Bibi alifumbua jicho moja, akasema kwamba yeye ameleta mjukuu tu, mjukuu yuko chooni. Watu wawili watatu wakacheka, na fundi akaona aibu.

Msimamizi alimpokea kwenye chumba chake kidogo nyuma ya kaunta. Alimkumbuka. Alimwambia aketi, akavua miwani, akaonekana mzee kuliko alivyoonekana na miwani. Fundi, kwa mazoea, alitazama viatu vyake kabla ya uso. Visigino vilikuwa vimelika kwa nje vibaya, viatu vya mtu asiyekaa. Alijizuia kuvisema.

"Naomba karatasi nyeupe," alisema.

Alipewa. Akaiweka juu ya meza, akagonga wa kwanza, akagonga wa pili, akamgeuzia.

"Unaona nini?"

Msimamizi alivaa miwani. "Ndege."

"Wakoje?"

"Wazuri, mzee. Ni kazi ya marehemu?" Aliwatazama tena, kwa makini, kama mtu anayetaka kumpendeza mfiwa. "Wazuri kweli."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kufukuzwa, kwa kuitiwa mlinzi, kwa kila kitu isipokuwa hilo. Ushahidi wake wote ulikuwa pale mezani, umelowa wino, na mtu mwenye macho mazima alikuwa anaona ndege wazuri. Basi ikabidi aeleze. Alieleza vibaya, kwa kuanzia katikati, habari za kijiko na karatasi nyepesi na kopo, akarudi nyuma, akasahau, akaanza tena. Alieleza kwamba hawa walikuwa watazamane, na kwamba mwanamke yule angeweza kuwachonga akiwa usingizini, na kwamba huyu wa pili alichongwa pale nje, kwenye benchi, siku ile, na tazama alivyotoka. Mkono ulikuwa umetulia kwa sababu ameuamuru utulie. Ndani hakukuwa na mtu wa kuangalia anachokifanya.

Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho. Nje, mtu aligonga mlango, naye akasema asubiriwe.

"Mzee," alisema hatimaye, "mimi siwezi kumjua mgonjwa kwa ndege."

"Hata mimi sikumjua kwa ndege. Ila hukuhitaji ndege, mama. Ulikuwa na mdomo. Ungemwuliza."

Hakupaza sauti. Njia nzima alikuwa ameandaa maneno makubwa, yenye mawaziri ndani yake, na yote yalikuwa yamebaki mlangoni.

Msimamizi alisema kwamba siku ile watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Fundi alisema anajua, alikuwepo. Msimamizi akasema wako wachache na daktari mmoja. Fundi alisema hilo nalo lina wakubwa wake, na atawafikia. Fundi alirudisha mihuri yake kwenye mfuko. Karatasi aliiacha mezani. Alipofika mlangoni alimsikia Msimamizi akisema pole, tena, na safari hii sauti ilikuwa nyembamba, lakini hakugeuka, kwa kuwa hakujua uso wake ungefanya nini.

*

Siku iliyofuata hakwenda kibandani. Alikaa mezani nyumbani na kipande kipya cha soli, akachora kwenye karatasi nyepesi, akaifunika kifudifudi, akasugua kwa mgongo wa kijiko kama alivyomwona mkewe akifanya, kisha akashika kisu chake cha kukatia ngozi. Wembe ulikuwa mdogo kwa vidole vyake. Alichonga hadi mchana, huku binti akiendelea na kazi zake za kushona.

Alipogonga, ndege alitazama kushoto, barabara kabisa. Hakuna aliyekosea hapo. Ila shingo ilikuwa nene na miguu mifupi, na kifua kimetangulia mbele kwa kiburi.

Binti aliinama juu ya karatasi. "Baba," alisema, "huyu ni bata."

"Ni ndege aliyeshiba."

"Ni bata, baba. Tena bata wa mkuu wa wilaya."

Fundi alitazama tena na akaona kweli, bata, na hata kile kifua kilifanana na cha mtu aliyezoea kufunguliwa mlango. Kitu kikacheka ndani yake, kidogo tu, kwa kukwaruza, kama cherehani iliyokaa bila mafuta. Binti naye alicheka huku akipangusa macho kwa kitambaa cha bibi harusi mwingine aliyekuwa akimshonea. Lakini maboksi yalikuwa yamekaa palepale, wazi, na kila kadi ndani yake ilikuwa na nafasi tupu.

Fundi aliiweka mihuri miwili mbele ya binti: bata aliyetazama vizuri, na ndege aliyegeuka. Alimwambia kadi ni zake na harusi ni yake. Wakwe watakuwepo, watu wa heshima, na mtu hapeleki kwa wakwe kadi ambayo ndege wake wamenuniana. Kama anataka mchapaji, leo hii watakwenda, hatakasirika. Alisema yote hayo akitazama ukuta.

Binti alimchukua yule bata, akambusu, akamtia kwenye kopo la waliopotea, akafunika.

"Huyu hajakosea," fundi alisema. "Hapo si mahali pake."

"Atakaa na jogoo wa mama mchungaji. Watazoeana."

Akavuta boksi la kwanza, akatoa kadi, akailaza mezani. Alimchukua ndege wa mama yake, akamchovya kwenye pedi, akampima upande wa kulia bila kugusa. Akagandamiza. Alipoinua, ndege walikuwepo wote wawili, mmoja anatazama na mmoja anakwenda. Binti aliisogeza kadi pembeni ikauke, akatoa nyingine.

Kazi iliwachukua mpaka jioni. Fundi alipokea kadi mbichi na kuzipanga juu ya kitanda, sakafuni, kwenye dirisha, juu ya cherehani, mpaka nyumba nzima ikawa ndege na wao wawili hawana pa kukanyaga. Katikati ya kazi alifika mama wa usafi, ametoka zamu, ameelekezwa nyumbani baada ya kukuta kibanda kimefungwa. Alikuja kushukuru kwa mkanda wa kandambili, na kwa kuwa hakuna pa kukaa alisimama kizingitini. Alisema jana alipita kwenye ofisi ya Msimamizi kufagia, kama kawaida, na akamwaga kapu la taka kama kawaida. Amesikia habari za karatasi ya ndege, hospitali nzima imesikia. Basi amekuja tu kusema kwamba kwenye kapu karatasi ile haimo.

"Labda kaenda kuichana kwake," fundi alisema.

"Labda," alisema mama wa usafi. "Mimi nasema ninachokijua. Kwenye kapu haimo."

Alipoondoka, fundi aliendelea kupanga. Zilipobaki kadi za mwisho, akaishika moja mbali na macho, kwa jinsi anavyoshika kiatu kilichomalizika kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

"Na wakwe wakiuliza kwa nini huyu kageuka?"

Binti alikuwa amekwisha kuchovya tena. Wino ulikuwa umempanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, kama ulivyokuwa ukimpanda mama yake.

"Wakiuliza tutawaambia, baba," alisema. "Wanaouliza hawana shida."

Akagandamiza, akainua, akampa baba yake kadi. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akatafuta pa kuilaza.